Mkono uliovunjika na karatasi ya sulhu: uchambuzi wa kisa kimoja cha kipigo, Wete

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeundwa kwa mambo yanayojirudia katika shehia za Pemba, yaani maeneo madogo ya utawala yanayoongozwa na masheha, na hakuna mtu mmoja halisi anayesimuliwa humu. Kimechaguliwa kwa sababu elimu ya sheria ilimfikia mwanamke huyu, kwa maana ya mkutano, kipeperushi na spika, na bado karibu akose haki yake. Hapo kati ya "ilimfikia" na "karibu akose" ndipo pa kuangalia.

Mke ana miaka 31 na watoto watatu. Ni msimu wa karafuu. Kwa wiki mbili amechuma, amechambua makonyo na kuanika juani. Mume amepeleka mzigo kituoni ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na kurudi na pesa asizotaka kuzitaja. Usiku wa Ijumaa, baada ya isha, mke anauliza sare za skuli zitanunuliwa lini. Maneno yanapanda. Mume anashika mpini wa jembe. Pigo la kwanza mke analikinga kwa mkono wa kushoto, la pili linampata mgongoni. Jirani anasikia ukelele, anaingia, anamtoa na kumpeleka kwa mama yake.

Mama anamkanda kwa maji ya moto na kumfunga kitambaa. Jumamosi asubuhi wanakaa barazani kwa sheha: sheha mwenyewe, wazee wawili, ami wa mume na mjomba wa mke. Sheha anazungumza kwa upole. "Mwanangu, haya ni ya ndani, tusitiriane. Mumeo ukimpeleka polisi, hawa watoto watalishwa na nani?" Mke anajibu, "Sawa, Bwana Sheha." Inaandikwa karatasi: mume anakiri kumkosea mkewe kwa kumpiga na anaahidi hatarudia. Wanatia saini, sheha anapiga muhuri.

Jumatatu mkono umevimba hadi vidole havikunjiki. Anakwenda kituo cha afya akisindikizwa na mama mkwe. Mhudumu anauliza kimemsibu nini, na mama mkwe anawahi kujibu: "Kaanguka kisimani." Daftarini linaandikwa neno hilo hilo, "ameanguka". Anapewa dawa za maumivu na bendeji.

Alkhamisi kuna mkutano wa hadhara wa uelimishaji kwenye uwanja wa skuli. Anarudi na kipeperushi. Jumamosi anakwenda kituo cha polisi, anakitoa kipeperushi, na askari wa zamu anamwambia sheria iliyoandikwa pale haitumiki Zanzibar, tena kwa sheha wameshapatana, basi arudi kwa wazee. Siku ya 11 baada ya kipigo ndipo anapokutana na msaidizi wa sheria wa shehia, na kesi inaanza upya.

Kipeperushi kilikosea wapi

Kipeperushi kilisema kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inamkataza mume kumpiga mke. Kifungu hicho kipo kweli, na kinasema hivyo kweli. Ila sheria yenyewe ni ya Tanzania Bara. Zanzibar haikuwahi kutumika. Ndoa, talaka na matunzo ya Waislamu hapa huenda Mahakama ya Kadhi, ambayo sasa inaendeshwa kwa Sheria ya Mahakama ya Kadhi Namba 9 ya 2017. Jinai nayo ina sheria zake: Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya 2004, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai Namba 7 ya 2018. Hata watoto wana sheria yao hapa, Namba 6 ya 2011, ambayo si ile ya Bara ya 2009.

Kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Vifaa vya uelimishaji huchapwa Dar es Salaam kwa mradi wa nchi nzima, vinapakiwa boti, vinagawiwa Konde na Mkoani kama vilivyo. Jeshi la Polisi ni la Muungano, fomu ya PF3, ile polisi wanayompa aliyeumia ijazwe na daktari, ni ile ile, Kiswahili ni kile kile, kwa hiyo mtu hashtuki. Anayeshtuka ni askari aliyechoka, na akishtuka anapata sababu nzuri ya kumrudisha mlalamikaji. Mwanamke huyu hakuwa na haja ya kutaja kifungu chochote. Mlalamikaji hueleza tukio. Kulipatia tukio jina la kisheria ni kazi ya polisi na mwendesha mashtaka. Mkutano uliomfundisha namba ya kifungu ungemfaa zaidi kama ungemfundisha sentensi hii: "Nimepigwa na mume wangu kwa mpini wa jembe usiku wa Ijumaa, naomba PF3 na naomba kuandikisha maelezo."

Kosa la pili ni saa 72. Mkutanoni mzungumzaji alichanganya kipigo na ubakaji katika pumzi moja, akasisitiza mara tatu kuwa lazima mtu afike hospitali ndani ya saa 72. Mwanamke akahesabu: Ijumaa hadi Alkhamisi ni siku sita, basi kesi imekufa. Wako wengi waliokariri hivi. Saa 72 ni muda wa kuanza dawa za kinga dhidi ya VVU kwa aliyebakwa. Dawa hizo humezwa siku 28, na kila saa inayopita kabla ya kuanza hupunguza nguvu yake. Kinga ya mimba ya dharura ina muda wake, hadi saa 120, na yenyewe bora iwahi. Mbegu na majimaji mengine ya ushahidi nayo hupotea kwa siku na kwa kuoga, ndiyo maana mtu huambiwa asikoge, asifue, na nguo aziweke kwenye mfuko wa karatasi wala si wa plastiki, kwa kuwa plastiki hutia unyevu na nguo zikaoza. Yote hayo ni mambo ya mwili na maabara. Hakuna sheria inayosema jinai ya namna hii hufa siku ya tatu. Aliyepigwa wiki mbili zilizopita ana haki ya kwenda leo, na aliyebakwa mwezi uliopita pia.

Muhali, na kazi ya sheha

Ukiuliza Unguja au Pemba kwa nini kesi za udhalilishaji hazifiki mbali, jibu la kwanza ni muhali, yaani kuoneana haya na kulindana. Ami wa mume ndiye aliyemsomesha mjomba wa mke. Sheha ndiye aliyemwozesha dada wa mume. Jirani aliyemtoa mle ndani hukopa unga kwenye duka la mume. Hakuna aliyekula rushwa ya pesa hapo, na bado kila mmoja ana cha kupoteza akisema alichokiona. Kumwambia mtu wa namna hii "vunja ukimya" ni kumpa amri bila kumpa njia. Njia iliyofaa katika kisa hiki ilikuwa ndogo sana: msaidizi wa sheria alimweleza jirani kwamba hatakiwi kusema nani mbaya nani mzuri, ila alichosikia, alichokiona alipoingia, saa ngapi, na mkono ulikuwaje. Akakubali. Kuwa shahidi wa aliyoyaona ni kitu anachoweza kumweleza mume yule mbele ya uso wake.

Sheha si mtu mbaya katika kisa hiki, na kumfanya adui ni kosa la tatu la mikutano mingi. Sheria ya tawala za mikoa inampa sheha kazi ya kupokea na kusuluhisha migogoro ya kijamii na ya kifamilia katika eneo lake. Anapoweka baraza kwa ugomvi wa mume na mke, anaamini anatimiza wajibu, na kwa ugomvi wa maneno, mpaka wa kiambo au matumizi ya nyumbani kweli anatimiza. Mpaka ni pale panapoguswa mwili. Kipigo ni jinai, na jinai haina mwenyewe kijijini: chini ya kifungu cha 56A cha Katiba ya Zanzibar ya 1984, anayeamua kuishitaki, kuiendeleza au kuiondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Sheha hawezi kuifuta, ami hawezi, wala mke mwenyewe hawezi. Kinachomfaa sheha ni kuambiwa waziwazi afanye nini badala ya baraza: aandike daftarini jina, tarehe, saa na alichokiona kwa macho yake, amsindikize au amtafutie wa kumsindikiza hadi polisi, na asimkutanishe na mume siku hiyo. Masheha wengi hupumua wakiambiwa hivi. Muhali unawabana wao pia, na "sheria hainiruhusu" ni jibu ambalo ami hawezi kulikasirikia.

Mzee mmoja barazani alitaja Aya ya 34 ya Suratun-Nisaa, ambayo wengine huisoma kuwa inamruhusu mume kumpiga mke. Mwelimishaji anayeruka jambo hili Pemba ameacha nusu ya wasikilizaji wake nje ya uwanja. Hata wanazuoni wanaoichukua aya hiyo kwa maana ya kipigo wameweka masharti: kisiumize, kisiache alama, kisiguse uso. Mpini wa jembe umeshavuka yote kabla hata mahakama haijaulizwa. Hoja hii ikitolewa na sheikh wa msikiti ule ule, inasikika. Ikitolewa na kijana aliyevaa fulana ya mradi, inaleta mabishano hadi magharibi.

Siku ya 11 na baada yake

Wasaidizi wa sheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018. Hawasimami mahakamani kumtetea mtu. Kazi yao ni kueleza, kuandika, kusindikiza na kuunganisha. Katika kisa hiki msaidizi alimkalisha mwanamke peke yake, akamtaka asimulie tangu mwanzo, akaandika tarehe na majina kwenye ukurasa mmoja ili asijikanganye mbele ya askari. Kisha wakaenda polisi asubuhi, siku ya kazi, na kuuliza Dawati la Jinsia na Watoto badala ya kaunta. Hapo kaunta ndipo kesi nyingi zinapofia, kwa sababu maelezo hutolewa mbele ya watu wanaosubiri, na mmoja wao lazima ni jamaa.

Alipewa PF3 na kwenda hospitali ya Wete. Hapa kuna jambo dogo lenye uzito. Daktari akiandika kwenye PF3 "maumivu ya mkono", kesi inabaki shambulio dogo. Inatakiwa iandikwe mahali pa jeraha, ukubwa wake, rangi, umri wake kwa makadirio, kitu kinachoelekea kulisababisha, na daraja la madhara. Mlalamikaji ana haki ya kuonesha kila mahali panapouma, mgongo na mkono pia. Mgongoni michubuko ilikuwa imeshageuka manjano, dalili ya jeraha la siku nyingi, na hilo lilikubaliana na maelezo yake. Picha ya eksirei ikaonesha ufa katika mfupa wa kigasha, ule wa upande wa kidole cha mwisho, katikati ya mkono.

Mahali hapo palimaliza ubishi wa "ameanguka". Mtu anayeanguka hujitupa kwa kiganja, na kwa kawaida huvunjika karibu na kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Anayeinua mkono kukinga pigo la fimbo huvunjika pale pale alipovunjika mwanamke huyu. Madaktari wa mifupa wanaijua alama hii vizuri. Daftari la kituo cha afya lilisema kisima, na mfupa ukasema mpini. Hata hivyo upande wa mashtaka haukulificha daftari. Mwanamke alieleza mwenyewe kwenye maelezo yake ya polisi kuwa mama mkwe ndiye aliyejibu. Likisemwa mapema na mlalamikaji, jambo hili ni maelezo. Likiibuliwa na wakili wa utetezi, linageuka uongo. Na kwa wahudumu wa afya funzo ni jepesi: anayesindikizwa ahojiwe peke yake, hata kwa dakika mbili, kwa kisingizio cha kupimwa uzito kama hapana budi.

Ufa wa mfupa ulibadilisha kosa pia. Sheria inatofautisha shambulio la kawaida, shambulio linalosababisha maumivu ya mwili, na kusababisha madhara makubwa, na adhabu hupanda kwa ngazi hizo. Bila eksirei, kesi ingebaki ngazi za chini. Kama mama asingemkanda kwa maji ya moto usiku ule, na badala yake akaufunga mkono kwa ubao na kanga na kumpeleka hospitali, maumivu yangekuwa machache na picha ingepatikana siku ya kwanza. Polisi ikiwa mbali, hospitali kwanza: mtu aliyeumia vibaya hutibiwa, PF3 hufuata.

Sasa karatasi ya sulhu. Wakili wa mume aliitoa kama ngao: mambo yalikwisha, mke alisamehe, muhuri huu hapa. Mwendesha mashtaka akaisoma mstari wa kwanza. Mume anakiri kwa maandishi kwamba alimpiga mkewe, mbele ya mashahidi watano, siku moja baada ya tukio. Sheha si askari, kwa hiyo ugumu unaozunguka maungamo ya polisi haukuwepo. Swali lililobaki ni kama aliandika kwa hiari yake, bila vitisho wala ahadi, na hilo sheha aliitwa kulieleza. Msamaha wa mke unaweza kuzingatiwa mahakama inapopanga adhabu, lakini haufuti kosa. Wanawake wengi huchana karatasi hizi kwa hasira au huziacha mikononi mwa mume. Zihifadhiwe, au angalau zipigwe picha kwa simu, pande zote mbili.

Alichodhani na kilichotokea

Mkutanoni alisikia kwamba makosa haya hayana dhamana. Ni kweli kwa kubaka. Shambulio la mwili lina dhamana, na mume alirudi kijijini siku ile ile aliyofikishwa mahakamani, akapita mbele ya nyumba ya mama mkwe wake na baiskeli. Mwanamke alihisi amesalitiwa na akataka kuacha. Ilikuwa lazima aambiwe mapema, na aambiwe pia cha kufanya: kumweleza mwendesha mashtaka hofu yake kabla ya maombi ya dhamana, ili mahakama iombwe kuweka sharti la mume kutomkaribia wala kutuma watu. Na sharti likivunjwa, kuripoti siku ile ile. Kutuma watu ndiko kunakotokea zaidi. Anakuja shangazi wa mume na ndizi na maneno matamu, naye hajui kuwa anaingilia shahidi.

Mume alipopata hati ya wito alitoa talaka moja. Watu wakamwambia mke kuwa basi, kesi imeisha, si mume wako tena. Havihusiani. Kesi ya jinai inaendelea, na talaka rejea kama hii, ambayo mume anaweza kumrejea mke, inampa mke haki ya matunzo na makazi wakati wa eda. Kwa Kadhi alikuwa na madai yake mwenyewe: matunzo ya watoto, na sehemu ya kilichochumwa pamoja, kwa kuwa sheria ya 2017 inaruhusu mahakama ya kadhi kuangalia mchango halisi wa kila mmoja katika mali ya ndoa. Wiki mbili za kuchuma, kuchambua na kuanika karafuu ni mchango, ila unatakiwa uthibitike: nani alimwona shambani, pishi ngapi, mzigo uliuzwa kwa stakabadhi gani. Kama mume asingemwacha, asingelazimika kukimbilia khului na kurudisha mahari ili ajikomboe. Angeweza kuomba kuvunjwa kwa ndoa kwa sababu ya madhara, na nakala ya PF3 ile ile ingekuwa ushahidi wake mezani kwa kadhi. Wanaomshauri mwanamke "jivue tu upumzike" mara nyingi wanamtoa na hasara ambayo haikuwa yake.

Mikutano iliyofuata katika shehia ile ilibadilishwa. Wanawake na wanaume walitenganishwa kwa nusu saa ya maswali, kwa sababu kwenye uwanja mmoja wanawake walikuwa hawaulizi kitu mbele ya wakwe zao. Muda ukasogezwa baada ya alasiri, nje ya saa za kuanika. Kipeperushi kikafutwa vifungu vyote na kubaki upande mmoja wa karatasi: hospitali, dawati, msaidizi wa sheria, na jina la mtu wa kumwona kila mahali. Sheria zilitajwa kwa masheha na wahudumu wa afya, katika kikao chao wenyewe, maana wao ndio watakaozihitaji.

Kilichobaki bila dawa ni nauli. Kesi iliahirishwa mara kadhaa, na kila tarehe jirani alitakiwa afike mahakamani, apoteze siku ya kazi na arudi jioni bila kuitwa kizimbani. Shahidi anayeitwa na upande wa mashtaka ana haki ya kuuliza kuhusu gharama zake kwa mwendesha mashtaka na kwa karani wa mahakama, na aulize siku anayopokea wito. Akiuliza baadaye ameshakopa, na safari ijayo haji.